Mwaka wa Kumwagilia Chuma

Mpwa wangu alinitumia video asubuhi, nikiwa bado nafungua milango ya duka langu la vyombo vya muziki pale Singida mjini. Chini yake ameandika: "Shangazi, huyu babu anakusema wewe?" Nikaifungua. Mzee wa koti jeusi, nywele nyeupe zote, amesimama madhabahuni ameshika maiki kwa mikono miwili, anatoa ushuhuda. Anasimulia kwamba zamani, Manyoni, Bwana alimwokoa na studio iliyotawaliwa na nguvu za giza. Kulikuwa na binti fundi, anasema, aliyechimbia chuma nyuma ya nyumba na kukinywesha kila alfajiri, na yeye kwa mkono wake huu wa kuume alikichomoa mbele ya watu wa Mungu. Watu wanapiga makofi na vigelegele. Sikuhitaji kusubiri jina. Mzee ni Zefania, na binti fundi ni mimi. Nusura niipige simu ukutani. Miaka yote hiyo nilidhani yale maneno yamekufa Manyoni, kumbe mwenzangu ameyafanya mtaji, anazunguka nayo kanisa hadi kanisa na yanazidi kunenepa.

Haukupita muda, nikapigiwa simu kutoka Kilimatinde. Kwaya yao inafanya jubilei, wanaomba vyombo vyangu, spika na mikisa na mimi mwenyewe wa kuviendesha. Kijana aliyepiga alikuwa na adabu nyingi. Akanieleza ratiba: ibada, nyimbo, chakula, kisha ushuhuda wa mgeni maalumu, Mzee Zefania, mtu aliyewarekodia wazee wao kanda ya kwanza. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Najua watu watasema kisasi ni cha Mungu. Sibishi. Ila kwa uzoefu wangu, hata Mungu akitaka kusema na umati mkubwa, humtafuta fundi wa vyombo.

Ya kwetu na wazazi wangu nayaacha, hawana hatia katika jambo hili. Naanzia pale nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimejifunza ufundi wa redio, nimeshuka Manyoni na sanduku la nguo na sanduku kubwa zaidi la vipuri. Nilipanga chumba kwa Mama Zaituni, mjane aliyekuwa akipika chakula cha kuuza upande wa stesheni. Zefania alikuwa na vyumba viwili nyuma ya ghala la alizeti la kaka yake, na kinanda cha umeme ambacho alikipiga vizuri, hilo simnyimi. Mimi nilikuwa na mikisa, mtambo wa kuchanganyia sauti. Niliichukua ikiwa maiti kwa bendi moja iliyovunjika: nusu ya njia zake za sauti zimekufa, vitufe vimeng'oka, ndani kumejaa vumbi na mayai ya mende. Wiki baada ya wiki nilikaa nayo sakafuni. Kapasita zilizokauka nilizitoa zote, nikapachika nyingine nilizochomoa kwenye redio mbovu za watu. Vitufe nilichonga kwa vizibo vya chupa. Transfoma yake ilikuwa inavuma ndani ya sanduku na kuchafua sauti, basi nikaitoa nje kabisa, nikaifungia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, nikairefushia nyaya. Mkanda wa deki ya kurekodia ulipokatika nilikata pete ya mpira wa ndani wa baiskeli, nikaisugua kwa msasa mpaka kanda ikaenda mwendo sawa. Kila nikiwasha na ile taa nyekundu ikaitika, nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nimemiliki mikisa za kisasa nyingi baada ya hapo, na hakuna hata moja niliyoipenda hivyo.

Chumba cha kuimbia tulikibandika trei za mayai ukuta mzima, kutoka kwa wauza mayai ya kuchemsha wanaosubiri abiria. Kulikuwa na joto la kutosha kuchemsha mengine. Palinuka mashudu ya alizeti na risasi ya kuchomelea iliyoyeyushwa, na treni ikikaribia wote tulinyamaza na kukaa chini, maana hakuna trei ya yai inayozuia treni. Kwaya zilikuja na chakula chao. Wa Kilimatinde walishuka kwenye lori na sufuria la makande na dumu dogo la asali ya Itigi, wanalamba kijiko kimoja kimoja kabla ya kuimba, wanasema inalainisha koo. Mchana tulikula pamoja kivulini mwa ghala, wanakwaya wakitaniana nani amekula sauti ya nani. Nilikuwa na furaha. Naandika hili ili ieleweke nilichonyang'anywa.

Adui yetu alikuwa mvumo. Vyombo vya umeme visivyoshikana na ardhi huvuma, sauti nzito ya chini inayokaa kwenye kanda kama nzi ndani ya chupa, na nyumba ile haikuwa na waya wa ardhi. Nilitafuta nondo ndefu, nikaipigilia nyuma ya studio, nikazungushia mkaa na chumvi, nikavuta waya kutoka kwenye nondo mpaka kwenye bati la mikisa. Mvumo ukatoweka. Wiki za mwanzo nilijiona mhandisi. Kisha kiangazi cha Manyoni kikakaza, udongo ukakauka mpaka chini, na mvumo ukarudi, maana udongo mkavu haupitishi umeme. Dawa ni kuulowanisha. Kila alfajiri, nikitoka bombani, kabla kwaya hazijafika, nilimwaga ndoo ya maji ya chumvi pale kwenye nondo, nikarudi ndani nikasikiliza: kimya kizuri. Siku ya kwanza Mama Zaituni aliponiona alishika kiuno.

"Salome mwanangu, watu wanapigana ngumi bombani, wewe unanywesha nondo?"

"Ndiyo inayoimbisha kwaya, mama."

"Basi iambie ikishiba inibakizie ya kuoshea vyombo." Akaenda zake akicheka. Yeye hakuelewa, lakini aliuliza, nikamweleza, akaridhika. Zefania naye nilimweleza, siku ileile nikiwa na ndoo mkononi. Nilimwambia umeme, ardhi, chumvi, maji. Akaitikia "sawa, sawa dada" huku anajaribu wimbo kwenye kinanda. Hakusikia hata neno. Wanaume wengi wamewahi kuniitikia "sawa, sawa" ya namna ile, na kila mmoja baadaye ameniunguzia kitu.

Kilichotuharibia ni jalada la kanda. Kanda ya kwanza ya Kilimatinde ilitoka na majina yetu mgongoni, kinanda Zefania, mitambo Salome, ikapigwa kila mgahawa wa barabara ya Dodoma. Watu wakaanza kusema sauti hii safi haijawahi kutoka huku kwetu, nani fundi wake? Kwaya nyingine zikaja, wanapita mbele ya Zefania aliyekaa mlangoni, wanauliza, "Hapa ndipo kwa Salome?" Alikuwa anacheka, lakini taya linabaki limekaza. Jalada la pili lilipokuja, jina langu halikuwepo. Nikamuuliza. Akasema mchapaji alikosa nafasi. Njia ya mwongo ni fupi: jina lake lilikuwa limeandikwa mara mbili.

Nilijua yote siku moja mchana, kwa masikio yangu mwenyewe, na kwa kazi ya mikono yangu. Nilikuwa chumba cha mitambo nimevaa hedifoni, napima maiki niliyotoka kuitengeneza, imewashwa kule chumba cha waimbaji. Kwaya ya Kilimatinde ilikuwa nje inakula. Zefania akaingia mle na mwenyekiti wa kwaya, wakafunga mlango, wakidhani trei za mayai zinafunika siri. Nilimsikia kana kwamba amekaa begani kwangu.

"Mzee, mimi nakwambia kwa uchungu. Huyu dada ana kitu chake hapo nyuma. Kila alfajiri anakimwagia maji na chumvi, na midomo inatembea."

"Midomo inatembea?"

"Inatembea. Mimi mwenyewe namwogopa. Mnafikiri sauti zile zinatoka wapi? Mmeona wapi mwanamke anafufua mashine?"

Mwenyekiti akasema, "Hizi nyimbo ni za Bwana, Zefania. Haziwezi kupita mahali kama hapo." Midomo yangu ilikuwa inatembea kweli, kwa sababu alfajiri huwa naimba. Nilivua hedifoni. Ningeweza kutoka na kueleza, lakini nani aliyewahi kushinda kesi ya uchawi kwa kueleza? Ukikana, wachawi hukana. Ukilia, unajifanya. Ukicheka, umekubuhu.

Wakaja na mchungaji siku ya kazi, jua limewaka, mtaa mzima umejaa nyuma ya ghala. Waliomba, wakaimba, kisha Zefania akavua shati akaishika nondo. Ilikuwa imezama vizuri, niliipiga mimi. Alihangaika nayo, akaisukasuka, jasho likamtoka, na kadiri ilivyogoma ndivyo watu walivyozidi kuamini. Ilipochomoka na udongo wake mweusi wa mkaa na chumvi, kina mama walipiga kelele. Nilikuwa nimesimama pembeni na Mama Zaituni amenishika mkono. Nilimtazama Zefania usoni nikaona jambo ambalo sikulitegemea: alikuwa ameogopa kweli. Alikuwa ameurudia uongo wake mpaka ukamwingia na yeye.

Nilipokwenda kuchukua mikisa yangu, alisimama mlangoni. "Dada Salome, hapana. Mchungaji ameiombea. Mitambo hii imewekwa wakfu, haiwezi kurudi tena kwenye mikono ile." Mikono ile! Iliyochonga vitufe, iliyokata mpira wa baiskeli, iliyoungua kwa risasi mpaka leo nina alama. Nyuma yake walikuwa wamesimama wanakwaya ambao nimekula nao makande, wananitazama miguu. Nikaondoka mikono mitupu. Jioni ile Mama Zaituni alisonga ugali wa uwele na mlenda, akaniwekea mbele, akaona sili.

"Kula, mwanangu. Hasira ikiingia tumbo tupu inakutafuna wewe badala ya mwenye kosa."

"Mama, wamechomoa ile nondo."

"Si nimeona?"

"Itavuma. Na maiki itawang'ata."

Akaacha kutafuna, akaniangalia. "Itawaua?"

"Haiui. Inauma tu mdomo, kama kulamba betri."

Mama Zaituni akachovya tonge lake kwenye mlenda, akalizungusha taratibu. "Basi wewe nyamaza," akasema. "Akutendaye mtende. Siri ya mtungi aijuaye kata." Nikala ugali wote, nikaongeza.

Nilianza kutengeneza redio za watu barazani kwake, na habari zilinifuata palepale na sahani za wateja. Kwanza mvumo, kwamba kwaya moja imerudi kwao na kanda inayonguruma. Kisha mwimbaji kiongozi wa Kilimatinde aliusogeza mdomo kwenye maiki, akiwa pekupeku juu ya sakafu ya saruji, ikamng'ata katikati ya ubeti akaitupa chini. Bila waya wa ardhi, umeme mdogo uliokuwa ukivuja kwenye bati la mikisa ulikosa pa kwenda, ukapita midomoni mwao. Wao walisema kile kitu changu kimekasirika. Walirudia maombi. Ikang'ata wakati wa maombi. Mama Zaituni aliponisimulia hilo alilazimika kuweka chini sinia, na mimi nilicheka mpaka machozi, na machozi yale sikujua mara moja ni ya nini. Ile iliyokuwa inavuma kule ilikuwa mikisa yangu, na nilijua ingenyamaza kwa ndoo moja ya maji.

Zefania alikuja mwenyewe, na kuku wa kienyeji kwapani na dumu la asali. Alisimama mbele ya baraza, hakutaka kukaa. Alikuwa amekonda.

"Dada Salome, nakuomba. Toa kitu chako."

"Kitu gani, kaka?"

"Unakijua. Tulichomoa chuma, lakini wewe umebaki ndani ya mashine. Watu wanakimbia. Nifungulie."

Hapo ndipo ningeweza kumaliza. Maneno yalikuwa mdomoni: rudisha nondo, mwaga maji ya chumvi, nirudishie jina langu. Ila hakuniuliza kama fundi. Alikuja kumsujudia mchawi, na kwa kuja kwake alinifunga uchawi wenyewe shingoni. Nikaendelea kuchomelea redio niliyoishika. "Mimi natengeneza redio," nikamwambia. "Hilo lako tafuta mganga." Mama Zaituni akatokea mlangoni akampokea kuku. Asali nayo akaipokea.

Zefania akamtafuta mganga kweli. Kwa kwaya hakusema, lakini dereva wa lori aliyempeleka vichakani huko Itigi alikuwa anakula kwetu. Mganga alimpa dawa ya maji, akamwambia ainyunyize ndani ya mashine ikiwa hai, yaani imewashwa. Naye mtu wa kinanda, asiyejua hata kopo la maziwa lile ni la kazi gani, akafungua mikisa yangu akamimina. Walisikia mlio mpaka stesheni. Umeme ulikatika ghala zima, na moshi ukatoka kwenye madirisha ya studio. Siku chache baadaye mfagiaji wa ghala aliniletea gunia: mikisa yangu, imekuwa nyeusi ndani yote, na kopo la maziwa limepasuka. Zefania alikuwa ameihama Manyoni, ameingia kwa walokole wa mbali. Nilikaa na gunia lile mapajani nikalia kwa sauti, barazani, mchana, wateja wanakula. Nilikuwa nimelipiza, na nimelipiza kwa kitu nilichokipenda. Sijutii kunyamaza. Ila mtu asinidanganye kwamba kisasi ni kitamu. Kile kilikuwa na ladha ya waya ulioungua, na jina la mchawi liliniganda palepale mpaka nikahama na mimi.

Ndiyo maana nilifika Kilimatinde asubuhi na mapema, siku ya jubilei, nikafunga vyombo vyangu uwanjani pa kanisa kimya kimya, nikapima kila spika. Upepo wa mlimani ulikuwa unavuma, turubai linapigapiga. Baada ya chakula nilimwona Zefania amekaa nyuma ya turubai peke yake na soda, anasubiri kuitwa. Nilimsogelea nikavuta kiti.

"Habari za siku nyingi, kaka Zefania."

Sura alikuwa ameisahau, sauti hakuisahau. Akaiweka soda chini. "Dada Salome. Jamani. Ya kale tulishasamehe."

"Wewe umesamehe. Mimi sijaombwa radhi."

Nikamwambia yote, taratibu, kama ninavyowafundisha vijana wanaokuja dukani. Waya wa ardhi. Udongo mkavu. Chumvi na maji. Nikamwambia asiniamini mimi, amuulize fundi umeme yeyote pale uwanjani, hata yule kijana wa jenereta. Alinisikiliza, safari hii alinisikiliza kweli, na nikaona uso wake unavyochakaa kadiri ninavyoendelea.

"Na ile kung'ata?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nondo uliichomoa wewe, kwa mkono wako wa kuume. Na kilichoiua mashine ni maji uliyomimina."

"Nilikuja kwako, dada. Na kuku nilileta. Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja kwa mchawi," nikasema. "Fundi hukumuuliza."

Kutoka mbele, mshereheshaji akaanza kulitaja jina lake, mtumishi aliyetumiwa na Bwana kuvunja madhabahu za giza, watu wakashangilia. Zefania akasimama, akanitazama kama mtu anayeomba aruhusiwe kwenda haja. Nikamwambia, "Nenda, wanakusubiri," nikarudi kwenye mikisa yangu.

Akapanda. Akashika maiki kwa mikono miwili. "Bwana asifiwe," akasema. "Amina!" umati ukaitikia. Kisha akanyamaza. Ushuhuda wake wote nilikuwa nimeuchukua, na hakuwa na mwingine. Nikampandishia sauti. Nikaipandisha mpaka pumzi zake zikasikika uwanja mzima, zinaingia na kutoka kwenye spika zangu, safi, bila mvumo hata chembe. Watoto waliacha kucheza. Wazee wa kwaya, walionitazama miguu siku ile, walinyanyua vichwa.

"Ndugu zangu," akasema hatimaye, "pale studio hapakuwa na uchawi."

"Amina!" wakaitikia kwa mazoea, wengine tayari wanapiga makofi, bila kusikia alichosema.

Akanigeukia, akaanza kuishusha maiki, akidhani amemaliza. Ipo ishara ambayo kila aliyewahi kurekodi anaijua: fundi ananyanyua kidole kimoja na kukizungusha hewani, maana yake haijaingia vizuri, rudia. Nikanyanyua kidole, nikakizungusha. Zefania akameza mate, mlio wake ukasikika mpaka barabarani, akairudisha maiki mdomoni, akarudia, na safari hii akataja jina langu.